Paris mwezi Oktoba: nimvishe pete mnarani, Trocadéro au ndani ya boti?

Mwanzo_Mpya
Habari zenu. Mwezi Oktoba nitakuwa Paris kwa siku nne na mwenzangu, ambaye anajua kwamba tunakwenda kutembea tu. Nakusudia kumvisha pete ya uchumba bila yeye kunusa chochote, na hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa ni mtu mwenye macho makali na tena hapendi kukodolewa macho na watu. Nimebaki na sehemu tatu: kilele cha Mnara wa Eiffel, uwanja wa Trocadéro unaoutazama mnara huo kutoka ng'ambo ya mto, na boti ya jioni katika mto Seine. Naomba mnipimie, hasa ninyi mliokwisha kupita huko.

Kiatu_cha_Safari
Mimi nilimvisha mke wangu pete kileleni, na kwa uzoefu huo nakuambia usiende. Kabla ya kuingia eneo la chini ya mnara kuna ukaguzi wa mizigo na mifuko. Nilikuwa nimeficha kijisanduku cha pete ndani ya soksi, na soksi ndani ya mfuko wa koti. Mlinzi akaitoa ile soksi, akaibinyabinya, akanitazama mimi, akamtazama mwenzangu, kisha akanirudishia taratibu huku akizuia tabasamu. Mwenzangu hakusema neno, lakini tangu pale hadi juu alikuwa akichezea kidole chake cha pete. Huko juu, mita 276 kutoka ardhini, tulibanana na wageni wengine kiasi kwamba nilipata nafasi ya goti moja kwa taabu. Zaidi ya hayo, upepo ukizidi, lifti ya kwenda kileleni husimamishwa na safari yenu itaishia ghorofa ya pili. Halafu kuna jambo ambalo mtu hulikumbuka akiwa tayari ameshafika: ukiwa juu ya mnara, mnara wenyewe huuoni kwenye picha.

Mpenda_Alfajiri
Kwa Trocadéro, jibu linategemea saa. Mchana pamejaa wauza sanamu ndogo za mnara pamoja na wezi wa mifukoni, na mtu mwenye sanduku la pete mfukoni hapaswi kusimama hapo akiwa ameduwaa. Usiku, taa zipatazo 20,000 za mnara humetameta kwa dakika tano kila saa inapotimia, na ndipo umati huongezeka, kwa hiyo utapiga goti mbele ya simu mia zilizoinuliwa. Alfajiri ni habari nyingine kabisa. Katikati ya Oktoba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, tofauti na Juni ambapo huchomoza kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo kumtoa mwenzako kitandani hakutahitaji uongo mkubwa; mwambie unataka picha kabla watu hawajajaa. Wapiga picha wa harusi nao hupenda sana saa hiyo, jambo ambalo wengi huliona kero, lakini kwako ni msaada: mpiga picha uliyemkodi atasimama miongoni mwao na hakuna atakayemshuku.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Boti naikataa bila kusita. Boti nyingi za watalii zina vipaza sauti vinavyoeleza historia ya kila daraja, na neno ulilolitayarisha kwa miezi linaweza kuangukia katikati ya maelezo kuhusu mfalme fulani. Pia akipata mshtuko na kutaka kulia faraghani, hana pa kwenda mpaka boti itie nanga. Kuhusu pete na ukingo wa boti inayoyumba, nadhani sina haja ya kueleza.

Daraja_la_Kale
Naomba kuongeza sehemu ya nne, kwa sababu sehemu zote tatu ulizotaja zinakwenda kinyume na tabia ya mwenzako kama ulivyoieleza. Kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Île de la Cité kuna bustani ndogo iitwayo Square du Vert-Galant. Unaifikia kwa kushuka ngazi zilizo nyuma ya sanamu ya mfalme Henri IV, kwenye Pont Neuf, daraja lililokamilika mwaka 1607, na ukifika chini unaona mto ukikuzunguka pande mbili. Kisingizio nacho ni chepesi: Notre-Dame, iliyofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa 2019, iko kisiwa hichohicho, kwa hiyo mtatoka kanisani mkitembea polepole bila yeye kuuliza mnaelekea wapi. Kasoro yake ni kwamba bustani iko chini sana, na mto ukifurika haiingiliki.

Mpenda_Alfajiri
Nakubali, ingawa boti hupita karibu sana na ile ncha, na abiria wake hupenda kupunga mikono.

Kiatu_cha_Safari
Kupungiwa mkono kwa nusu dakika ni afadhali kuliko kukaguliwa soksi.

Mwanzo_Mpya
Nashukuru sana. Nimeamua kwenda Vert-Galant asubuhi ya siku ya pili, ili mvua ikinyesha au mto ukipanda nibaki na siku mbili za akiba, na Trocadéro alfajiri ndiyo itakayokuwa kimbilio langu. Kijisanduku nitakiacha nyumbani. Pete itasafiri ndani ya kifuko cha miwani kwenye begi la mkononi. Kilichobaki ni kipimo cha kidole, maana sithubutu kumuuliza.

Daraja_la_Kale
Anayo pete anayoivaa kwenye kidole hichohicho cha mkono wa kushoto? Akienda kuoga, ikandamize kwenye kipande cha sabuni laini, uifute vizuri na kuirudisha ilipokuwa, kisha umpelekee sonara hiyo sabuni. Usitumie pete ya mkono wa kulia, kwa kuwa vidole vya mikono miwili mara nyingi havilingani unene.

Mwanzo_Mpya
Anayo. Sabuni nimenunua leo.