Ajensi ya SEO inayosajili domeini ya mteja kwa jina la ajensi yenyewe ni tapeli, hata kama ofisi yake ina kiyoyozi

Wakuu, huu uzi ni wa hasira na sitaupamba. Unahusu ajensi za SEO, yaani wanaolipwa kuipandisha tovuti yako kwenye matokeo ya Google, na wanavyoshika domeini, yaani anwani ya tovuti yako. Mods naomba msiuunganishe na ule wa "nani anatengeneza website bei poa", haya ni mambo mawili tofauti.

Kuna mchezo unachezwa mjini na wanaoumia ni watu wenye biashara za kawaida kabisa: gereji ya Sinza, lodge ya Moshi, muuza mabati, kliniki ya meno, kampuni ndogo ya utalii Arusha. Anakuja mtu kapendeza, laptop mkononi, anatamba kwamba atakuweka namba moja Google ndani ya siku 30. Mkataba wa mwaka, nusu ya hela mbele. Miezi sita baadaye simu haziiti, na mteja akitaka kuondoka anaambiwa domeini si yake, akaunti ya ramani si yake, makala si zake, aanze upya. Yaani unalipia kodi jina la biashara yako mwenyewe!

Tuanze na hiyo namba moja. Google wenyewe, kwenye mwongozo wao kwa wanaotafuta mtu wa SEO, wameandika kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Wamesema pia kwamba kazi hii mara nyingi huchukua miezi 4 hadi mwaka mzima kabla faida haijaonekana. Kwa hiyo anayekuahidi siku 30 ana changa la macho mfukoni, na machanga yenyewe yanajulikana. La kwanza, analipia tangazo la Google Ads kwa sehemu ya hela yako, unajiona juu, unafurahi; siku salio likiisha umepotea. Angalia kama juu ya jina lako kuna alama ya tangazo. La pili, anakuonyesha uko wa kwanza kwa neno ambalo ni jina la biashara yako. Jamani, anayeandika jina lako kamili tayari anakujua! Unachotaka ni yule anayeandika "fundi AC Kinondoni" au "bei ya mabati leo".

La tatu linawapiga hata wasomi. Anakuja dukani kwako, anatafuta kwa simu akiwa amekaa kwenye kiti chako, mnaonekana wa kwanza kwenye ramani. Lazima muonekane! Matokeo ya ramani Google huyapanga kwa mambo matatu: unavyoendana na kilichotafutwa, umbali kutoka alipo anayetafuta, na umaarufu wako. Ukiwa ndani ya duka, umbali ni sifuri. Na dirisha fiche (incognito) la kivinjari halisaidii hapa, maana linaficha historia yako, halifichi mahali ulipo. Mtume mtu aliye Mbagala au Tegeta atafute, akupigie picha ya skrini.

Halafu kuna beji. "Sisi ni Google Partner." Sawa, hongera, lakini programu hiyo inahusu matangazo ya Google Ads. Haimpi mtu mlango wa nyuma kwenye matokeo ya kawaida, na mlango huo haupo. Anayesema ana mtu wake ndani ya Google mwonyeshe njia ya kutokea.

Sasa umiliki, ndiyo sababu hasa ya kufungua uzi huu. Biashara yako mtandaoni ina funguo nne: domeini, hosting (huduma inayohifadhi tovuti) pamoja na akaunti kuu ya tovuti, Google Business Profile (wasifu wa biashara yako kwenye ramani ya Google), na Search Console (chombo cha Google kinachokuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji). Zote nne zinatakiwa kuwa kwenye barua pepe ya biashara yako, si ya ajensi, si ya mpwa wako aliyemaliza chuo, wala si ya katibu muhtasi ambaye kesho anahama. Ajensi hupewa ruhusa ya kufanya kazi. Hapewi hati ya nyumba.

Domeini: ingia kwenye whois (daftari la mtandaoni la domeini zilizosajiliwa), ya .tz kama una .co.tz, ya KeNIC, wasimamizi wa .ke, kama una .co.ke, utazame aliyesajiliwa kama mwenye domeini ni nani. Jina likiwa limefichwa, kama ilivyo mara nyingi kwenye .com, dai kuingia mwenyewe kwenye akaunti iliyosajilia. Ukikuta jina la ajensi, dai libadilishwe kabla hujalipa awamu nyingine. Ukitaka kuhamisha .com kwenda kwa msajili mwingine utahitaji msimbo wa uhamisho (auth code), na domeini iwe imefunguliwa kufuli. Mtu anayekuzungusha wiki tatu kwa msimbo ambao kwa kawaida mfumo unautoa papo hapo anajua anachofanya.

Google Business Profile: kwanza kabisa, ni bure. Ukiona "ada ya Google Maps" kwenye ankara ujue unapigwa. Unachoweza kulipia ni kazi ya kuitunza tu. Ingia kwenye sehemu ya watu na ruhusa. Kuna mmiliki mkuu, wamiliki wengine, na mameneja. Wewe uwe mmiliki mkuu, ajensi iwe meneja, basi. Meneja anaweza kubadilisha saa za kazi, kuweka picha, kujibu maoni, hawezi kukufukuza. Kama wao ndio wameshika, waambie wakuongeze kama mmiliki, kisha wakuhamishie ukuu. Mmiliki mpya hawekewi ukuu siku hiyo hiyo, kuna kusubiri siku 7, kwa hiyo usikubali "tutafanya siku ya mwisho wa mkataba". Wakigoma, tuma ombi la umiliki kupitia Google. Aliyeshika ana siku 3 za kujibu. Akinyamaza unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha biashara mwenyewe, mara nyingi kwa video inayoonyesha mtaa, bango na wewe ukifungua mlango. Na tafadhali usifungue wasifu wa pili kwa hasira, mtagongana na wote wawili mnaweza kusimamishwa.

Search Console: thibitisha domeini nzima kwa rekodi ya TXT kwenye DNS (mstari wa maandishi unaowekwa kwenye mipangilio ya domeini), halafu mpe ajensi ruhusa ya kawaida. Siku ya kuachana, kumfuta kwenye orodha ya watumiaji hakutoshi. Kama alithibitisha mwenyewe kwa faili la HTML au kwa rekodi yake ya TXT, kile kithibitisho kikibaki anaweza kujirudisha. Futa kithibitisho pia. Hapo ndipo wengi wanadhani wamefunga mlango kumbe dirisha liko wazi.

Ripoti sasa. Kurasa 14 za rangirangi, grafu ya DA imepanda kutoka 8 hadi 15, makofi. DA (Domain Authority) ni kipimo cha kampuni ya Moz cha kukadiria nguvu ya tovuti, Google haikitumii kupanga mtu yeyote. "Umeonekana mara 40,000" nayo haina maana mpaka ujue umeonekana kwa maneno gani na nafasi ya ngapi, kwa sababu kuonekana ukiwa nafasi ya 70 ni sawa na kuuza duka lililoko chini ya ngazi za jengo. Fungua Search Console yako mwenyewe, inatunza miezi 16. Nenda utendaji wa utafutaji, chagua miezi 3 ulinganishe na miezi 3 iliyotangulia, au bora zaidi na miezi hiyo hiyo ya mwaka jana, maana biashara za utalii zina msimu na ajensi wanapenda kujisifia Julai. Kisha weka kichujio cha kuondoa maneno yenye jina lako. Mibofyo inayobaki ndiyo kazi ya ajensi. Ikibaki sita, umeingizwa mjini.

Na hapa kwetu mteja anamalizia WhatsApp. Kitufe cha wa.me (linki inayofungua WhatsApp) kwenye tovuti, GA4, chombo cha Google cha kuhesabu wanaotembelea tovuti, inaweza kukihesabu yenyewe kama mbofyo wa kutoka nje, ila kitufe cha kupiga simu hakihesabiwi mpaka mtu aweke kipimo. Ajensi isiyokuuliza siku ya kwanza wateja wanakufikiaje haitakaa ikupimie chochote.

Kuhusu linki, yaani tovuti nyingine kuelekeza watu kwako, nitasema kifupi ingawa ndiko hela nyingi zinakoungua. "Linki 500 kwa mwezi" ni takataka. Angalia sehemu ya linki ndani ya Search Console: lodge ya Moshi inalinkiwa na blogu za kasino na maduka ya viatu yaliyokufa. Google ilianza kuwachapa watu wa namna hii kwa Penguin, badiliko la mfumo wake wa kupanga matokeo, Aprili 2012, na tangu Septemba 2016 Penguin iko ndani ya mfumo mkuu na kwa kawaida linki hizo hupuuzwa tu. Kwa hiyo kwa bahati nzuri umepoteza hela. Kwa bahati mbaya unapata adhabu inayotolewa na mkaguzi wa Google mwenyewe, si mashine, tovuti inashuka, na atakayesafisha uchafu ni mwingine kwa hela nyingine. Linki moja kutoka chama cha watoa huduma wa sekta yako, gazeti, au msambazaji unayechukua mzigo kwake inazishinda zote 500.

Makala ni hivyo hivyo. Kurasa 60 za "fundi AC Sinza", "fundi AC Mwenge", "fundi AC Ubungo", maneno yale yale isipokuwa mtaa. Sera za Google za taka zinakataza kurasa za namna hiyo, na Machi 2024 wakaongeza katazo la kuzalisha maudhui kwa wingi kwa ajili ya kuchezea nafasi, yawe yameandikwa na mashine au na mtu. Na kwa nini zote Kiingereza? Mnunuzi wa mabati anaandika "bei ya bati geji 30". Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye bei, geji, urefu na gharama ya usafiri unafanya kazi kuliko makala kumi za faida za paa zuri. Kampuni ya utalii ni kesi tofauti, wateja wake wako Ulaya na Marekani, huko Kiingereza ni sawa.

Wanaokushauri ununue maoni ya nyota tano, au kuandika "Juma Garage Best Cheap Mechanic Dar" kama jina la wasifu: fukuza. Yote mawili yanavunja kanuni na wasifu unaweza kusimamishwa.

NYONGEZA: naona mnauliza mzuri anajulikanaje. Kabla ya kukutajia bei atauliza bidhaa ipi inakulipa zaidi, na ataomba ruhusa ya kutazama tu kwenye Search Console ili akague. Ukaguzi wake utataja kurasa kwa anwani zake: huu una noindex iliyosahauliwa (amri ya kuizuia Google isiuonyeshe), huu unafunguka kwa sekunde 9 kwenye simu, robots.txt (faili linaloelekeza roboti za Google) inazuia folda ya picha. Mwambie akupe namba ya mteja aliyeondoka kwake, si aliyepo. Lipa kwa mwezi, notisi siku 30, kwenye mkataba iandikwe kwamba makala, picha na akaunti ni mali yako tangu zinapowekwa. Kila mwezi akupe, na wewe udai, orodha ya alichobadilisha na tarehe. Risiti ya EFD pia, maana hela inayokwenda kwenye namba binafsi ya simu haina pa kuifuatilia.

Mwenye ripoti ya ajensi aiweke hapa, afute majina na namba za simu, tuichambue ukurasa kwa ukurasa.