Gumzo la kikundi: magazeti ya tarehe 18 Desemba 1903

Shemeji: Jamani mko macho? Nimekesha na vichwa vya habari vya magazeti ya kale, nimekwama kwenye siku moja tu, Ijumaa tarehe 18 Desemba 1903. Jana yake ndo wale ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, wamerusha ndege yao kule Kitty Hawk, pwani ya North Carolina. Mbavu sina

Shangazi: Tuchekeshe na sisi basi, mbona unakula mwenyewe

Shemeji: Kuna gazeti la Norfolk, mji wa jimbo la Virginia, linaitwa Virginian-Pilot, ukurasa wa kwanza, herufi kubwaaa. Nawatafsiria hivi hivi: MASHINE YA KURUKA YAPAA MAILI 3 DHIDI YA UPEPO MKALI JUU YA VILIMA VYA MCHANGA NA MAWIMBI

Kaka Mkubwa: Maili 3?? Si waliruka kidogo tu wale

Shemeji: Ndo utamu wenyewe kaka. Siku ile waliruka mara 4, ile ndefu kuliko zote ya Wilbur ilikuwa futi 852, yaani kama mita 260, sekunde 59 kashatua. Ya kwanza ya Orville ndo usiseme, sekunde 12, mita 37

Kitinda: mita 37 😂😂😂 hizo mi nazimaliza nikifukuzwa na mbwa

Mjomba: Kwahiyo mita 260 zimekuwa karibu kilomita 5. Huyo mwandishi hakutia chumvi, kamwaga gunia

Shemeji: Subiri mjomba hujasikia. Kaandika eti chini ya mashine kuna propela ya mapanga 6 inayoisukuma juu, haipo! Halafu eti ilipopaa mmoja wao akapiga kelele "Eureka". Na chini ya kichwa kikubwa kuna kadogo kanasema HAIKUFUNGWA PUTO LA KUISAIDIA

Shangazi: Hapo kwenye puto angalau kasema kweli 😅 sasa kayatoa wapi yote hayo?

Shemeji: Telegramu shangazi. Ndugu walimtumia baba yao telegramu, ikapitia kwa mtu wa mitambo ya telegramu huko Norfolk, huyo akaomba ruhusa ampenyezee rafiki yake wa gazetini, wenyewe wakakataa katakata, lakini umbea haujui katakata, jioni hiyo hiyo stori iko chumba cha habari. Ila walichonacho ni kipande tu, basi palipobaki wazi wakajaza kwa akili zao

Kaka Mkubwa: Yaani kama meseji za kikundi hiki

Mjomba: Nani unamlenga wewe

Kaka Mkubwa: Sijataja mtu mjomba 🙏

Shemeji: Sasa njooni Dayton, kwao kabisa walikokuwa wakiishi na kufungua duka la baiskeli. Telegramu ikafika nyumbani nayo ikiwa na makosa yake, sekunde 59 zimekuwa 57 na jina la Orville limeandikwa "Orevelle". Kaka yao Lorin akaibeba mpaka gazeti la Dayton Journal. Inasimuliwa mhariri kaisoma akamjibu, sekunde 57? zingekuwa dakika 57 labda ingekuwa habari. Hakuchapa kitu!!

Kitinda: 💀💀💀 habari ya karne imekuja na miguu yake mpaka mezani

Shemeji: Gazeti jingine la hapo hapo Dayton likachapa, ila kichwa chake ni VIJANA WA DAYTON WAMUIGA SANTOS-DUMONT MKUU

Shangazi: Huyo ni nani tena

Shemeji: Mbrazili aliyekuwa akirusha maputo yenye injini Paris, 1901 alizunguka mnara wa Eiffel akashinda zawadi. Sasa watu wametengeneza kitu kizito kuliko hewa, hakina puto, hakijawahi kuwepo, nyumbani kwao wanaambiwa wameiga puto. Halafu eti vijana, Wilbur ana miaka 36, Orville 32

Kaka Mkubwa: Kuitwa kijana na miaka 36 mi nalichukua hilo gazeti

Mjomba: Nisikilizeni. Mi namtetea yule wa Norfolk. Kadanganya sawa, lakini kajua kuna jambo. Yule wa Dayton alikuwa na ukweli mkononi karatasi nzima akaurudisha. Nani mbaya hapo?

Shangazi: Kaka usimwonee mhariri. Tarehe 8 mwezi ule ule, siku 9 tu kabla, Profesa Langley, mkuu wa Smithsonian, ile taasisi kubwa ya sayansi na makumbusho kule Washington, aliyepewa dola 50,000 na jeshi, mashine yake ilirushwa juu ya mto Potomac ikatumbukia majini mbele ya waandishi wote, magazeti yakamcheka mpaka basi. Na Oktoba New York Times lilishaandika kwamba mashine ya kuruka itachukua miaka milioni 1 mpaka milioni 10. Sasa wewe ni mhariri, umechoka, anaingia mtu anakwambia wadogo zangu mafundi baiskeli wameruka, dakika moja haijafika. Ungechapa?

Mjomba: Ningechapa

Shangazi: Muongo wewe, ungemuuliza wamekunywa nini

Kitinda: hahaha shangazi 😂

Shemeji: Na kilichonishangaza, kituko kikubwa cha siku ile sijakiona kwenye kichwa chochote. Baada ya kuruka mara ya 4 ndege imekaa chini, upepo ukaja ukaibeba, kuna bwana mmoja wa kituo cha uokoaji, John Daniels, kaing'ang'ania isiondoke, ikambiringisha nayo yumo ndani kati ya nyaya na mbao. Ikavunjika, yeye akatoka na michubuko. Na ndo huyo huyo aliyebonyeza ile picha maarufu asubuhi

Kitinda: hicho ndo kichwa cha habari sasa, MPIGAPICHA ALIWA NA NDEGE

Kaka Mkubwa: Sasa ukweli ulitoka lini

Shemeji: Januari 1904 wenyewe walitoa taarifa kukanusha yale ya Norfolk, hata hivyo watu wala hawakujali. Mei wakaalika waandishi waje waone, injini ikagoma, waandishi wakaenda zao. Mtu wa kwanza kuandika vizuri alichokiona kwa macho yake, ndege ikizunguka duara zima hewani, ni mzee Amos Root, na mjue alikichapa wapi, kwenye jarida lake la ufugaji nyuki, Januari 1905

Shangazi: La nyuki??

Shemeji: La nyuki shangazi, wallahi. Wafuga nyuki walijua kabla ya New York

Mjomba: Hao si magazeti, hoja yangu iko pale pale

Kitinda: MJOMBA ASHINDWA MJADALA, ADAI HAKUSHINDWA

Mjomba: Malizia na chini yake, "halikufungwa puto la kumsaidia"