Wakimbiaji wa majira ya baridi wenye familia, mnawezaje? Tupeane uzoefu

Mbio za Gizani: Wakuu, salaam. Alfajiri ya leo nimeshafunga kamba za viatu, taa ya kichwani inawaka, mdogo akaanza kile kikohozi cha kubweka. Viatu nikavua. Kabla yake alikuwa mkubwa, kabla ya mkubwa mama yao, kabla ya mama yao mimi. Jua lilipoanza tu kuzama mapema, nyumba ikageuka wodi. Nyie wenye watoto wa chekechea na bado mnakimbia, mnapanga vipi? Msiniambie habari za nia. Nia ninayo, nataka ratiba.

Mama Kigari: Pole. Mtoto mdogo kushikwa na mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida, na mengi yanaangukia miezi hii. Zidisha kwa watoto wawili, kisha weka na ninyi wazazi mnaoambukizwa. Ratiba yako ndiyo hiyo.

Zamu ya Usiku: Kwangu kamasi ndiyo kalenda.

Kocha Bila Timu: Tumia kanuni ya shingo. Dalili zikiwa juu ya shingo, yaani mafua mepesi, chafya, koo kuwasha, kimbia taratibu na kwa muda mfupi. Zikishuka kifuani au tumboni, mwili mzima ukiuma, au ukiwa na homa, lala. Na usimeze kidonge cha kushusha homa ili upate ruhusa ya kutoka. Homa itashuka, ugonjwa utabaki palepale.

Kifua Kikubwa: Hiyo kanuni watu wanasoma neno "kimbia" wanaishia hapo. Shemeji yangu alitoka na homa, eti jasho litaitoa. Siku chache baadaye moyo unamwenda mbio akiwa amekaa kwenye kochi. Virusi vilikuwa vimeingia kwenye misuli ya moyo. Kwa ugonjwa huo madaktari hukuzuia mazoezi makali miezi 3 hadi 6.

Kocha Bila Timu: Nimeandika homa ulale. Soma mpaka mwisho.

Kifua Kikubwa: Mimi nimesoma. Shemeji ndiye hakusoma.

Bi Theluji: Uzi huu umenigusa pabaya. Majira ya baridi yaliyopita watoto wangu wote wawili walikuwa na homa, tumekesha kwa kupokezana. Mume wangu akaniona nilivyochoka, akasema nenda ukapumue, mimi nipo. Nikatoka kabla hakujapambazuka. Nilivaa kimbio, ile ya kuvaa kana kwamba nje kuna joto la digrii 10 zaidi ili usiloe jasho. Inafaa sana, mradi miguu inakwenda.

Darajani nikakanyaga barafu isiyoonekana, ile unayodhani ni lami iliyoloa. Madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu hewa baridi inayapiga juu na chini. Kifundo cha mguu nilikisikia kikilia kabla sijasikia maumivu. Nikatoa simu mfukoni, ilikuwa na chaji ya kutosha nilipotoka, ikazima mkononi. Baridi inaua betri, hilo nalijua vizuri siku hizi. Nikapiga kelele, hakuna mtu. Jasho likaanza kuganda mgongoni. Nikatambaa kwa makalio kufuata taa za barabarani, meno yanagongana hadi nauma ulimi. Sasa sikilizeni: kutetemeka siko kulikonitisha. Kilichonitisha ni pale kulipoanza kupungua, nikajisikia usingizi mtamu wa ajabu. Nikajua hapa nikifumba macho basi.

Huku nyumbani mume anatazama saa. Mdogo amefika 39.5. Akitoka kunitafuta, watoto wagonjwa wanabaki peke yao. Akibaki, mkewe yuko huko nje na hajui hata ni njia ipi. Akaenda kugonga kwa jirani, mama mtu mzima ambaye tulikuwa tunasalimiana tu kwenye lifti. Mama wa watu akaja na nguo za kulalia, hata hakuuliza, akasema nenda baba. Mume aliponifikia alikuta mtu aliyekuwa akitembeza mbwa ameshanifunika koti lake na kuita gari la wagonjwa. Kifundo kina vyuma mpaka leo.

Zamu ya Usiku: Duh.

Mama Kigari: Pole mno dada. Mungu ambariki huyo jirani.

Mzazi wa Kweli: Samahani, mimi nauliza. Watoto wana homa na wewe uko darajani?

Bi Theluji: Baba yao alikuwepo.

Mzazi wa Kweli: Homa ya 39.5 mtoto anamtaka mama.

Mama Kigari: Angeanguka baba ungeuliza hivyo? Ungesema pole mkuu, ugua haraka urudi barabarani. Baba akikaa na watoto wake hajamsaidia mtu, ni wa kwake.

Mzazi wa Kweli: Sijataja jinsia. Nasema kuna siku za kukimbia na siku za kukaa.

Kifua Kikubwa: Umetaja "mama" mstari wa juu hapo.

Mbio za Gizani: Wakuu, niliomba ratiba.

Ngazi Kumi: Nunua mashine ya kukimbilia, inua mwinuko uwe asilimia 1 kufidia upepo usiokuwepo, mtoto akilia unabonyeza unashuka. Mjadala umefungwa.

Zamu ya Usiku: Ya kwangu tunaanikia nguo.

Kocha Bila Timu: Usinunue chochote. Zunguka mtaa uleule karibu na nyumba, usiwe mbali. Kama unakwenda na kurudi, anza upepo ukiwa usoni, urudi nao mgongoni. Ukifanya kinyume utaloa jasho kwanza ndipo upepo ukukute.

Pampu Mfukoni: Wenye pumu wenzangu, hewa baridi na kavu ndiyo inayobana njia za pumzi. Pasha mwili moto ndani kabla ya kutoka, funika pua na mdomo kwa skafu, na pampu itumie kama daktari wako alivyokuelekeza. Kifua kikianza kutoa mluzi, rudi, usimalize mzunguko.

Mbio za Gizani: Na kumtia mdogo kwenye kigari nikimbie naye?

Mama Kigari: Akishapona. Wewe unakimbia unapata joto, yeye amekaa tu, kwa hiyo mvishe kuliko unavyojivisha na umshike shingo kila mara uone kama amepoa. Kabla ya miezi 6 usijaribu kabisa, shingo haijakaza.

Dakika Arobaini: Kwangu mgonjwa si mtoto. Mke wangu yuko kwenye dawa za saratani, kinga imeshuka. Kundi langu la kukimbia nimeliacha msimu huu, maana kila juma yupo anayesema "ni mafua tu". Nakimbia peke yangu, nikirudi napitiliza bafuni ndipo namsalimu. Amenipangia dakika 40. Zikipita anapiga, na nisipopokea nakuta kesi.

Bi Theluji: Mpe salamu zetu. Simu weka ndani karibu na ngozi, isikae mfuko wa nje.

Ngazi Kumi: Wanaume, nguo ya ndani yenye kukinga upepo mbele. Msiniulize nimejuaje.

Kifua Kikubwa: Tunakuuliza.

Kocha Bila Timu: Mleta uzi, ukikosa wiki mbili pumzi itapungua kidogo tu na itarudi. Siku ya kwanza baada ya ugonjwa tembea kwanza. Ukiamka kesho yake na mapigo yako ya kawaida, ongeza.

Mzazi wa Kweli: Bado sijajibiwa. Siku ile dawa ya homa alimpa nani huyo mtoto?

Bi Theluji: Baba yake. Kipimajoto kipo, chupa ina maelekezo, na kusoma anajua.