Stanford iko California, inacheza Konferensi ya Pwani ya Atlantiki. Ramani hawana?

Wakuu, salamu baadaye, leo nimechefukwa na kikapu cha vyuo vikuu vya Marekani na hizi konferensi zake, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja.

Nani alikaa kikao akaamua Stanford na Chuo Kikuu cha California waende ACC, hiyo ya Atlantiki? Kutoka Palo Alto hadi Boston College ni zaidi ya kilomita 4,000, halafu unaambiwa huyo ni mpinzani wa konferensi yako! Mwaka huohuo, 2024, UCLA, USC, Oregon na Washington wakahamia konferensi ya Big Ten, sasa wako kundi moja na Rutgers ya New Jersey, upande wa pili wa nchi. Pac-12, konferensi waliyotoka wote hao, ikabaki na timu 2. Mbili! Oregon State na Washington State wakaenda kuomba hifadhi ya kikapu kwenye konferensi ya WCC.

Msiniletee stori za ushindani. Hizi ni hela za TV za ule mpira wao wa kuvaa helmeti. Huko msimu wa kawaida ni mechi 12, karibu zote Jumamosi, ukisafiri mbali mara mbili tatu huumii. Kikapu ni mechi 30 hivi, nyingi katikati ya wiki, na wanaocheza ni wanafunzi wenye vipindi asubuhi. SMU, chuo cha Dallas, iliitamani ACC mpaka ikakubali kukaa miaka 9 bila mgawo wa TV. Tamaa gani hii?

Ratiba nayo ni kichekesho. Big Ten ina timu 18 na mechi 20 za konferensi: wapinzani 3 unakutana nao mara mbili, 14 waliobaki mara moja. Kigogo kaja kwako, kwake huendi, basi imetoka hiyo. Konferensi ya Big 12 ilipokuwa na timu 10, hadi 2023, kila mtu alicheza na kila mtu nyumbani na ugenini. Bingwa alikuwa bingwa, hakuna wa kubisha.

Na watani wameuawa. Msimu wa 2024/25 wengi huku tuliifuata Duke kwa sababu ya Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Hakuonja hata mechi moja na Maryland, watani wa Duke, maana Maryland waliondoka ACC, konferensi ya Duke, 2014. Dogo kacheza na Stanford!

Ubora ndiyo usiseme. DePaul msimu wa 2023/24 walipoteza mechi zote 20 za konferensi yao, Big East, na msimu uliofuata wakawa palepale, wamekaa kwa raha zao. Gonzaga walifika fainali ya taifa 2017 na 2021 huku wakiwa wamefungiwa WCC na vibonde.

Dawa ni nyepesi. Gawa kwa kanda, timu 10 kila konferensi, usafiri uwe wa basi inapowezekana. Kila kanda iwe na madaraja mawili: wa mwisho anashuka, bingwa wa chini anapanda, kama ligi yetu ya soka. Helmeti wabaki na mikataba yao huko huko, kikapu kiachwe kipumue.

Atakayekuja kutetea kwamba mashabiki wanafurahia anijibu hili: UCLA ikianza saa 1 usiku kwao Los Angeles, New Jersey ni saa 4 usiku, siku ya kazi. Shabiki wa Rutgers anaangalia saa ngapi? Afadhali mimi huku Dar, ni saa 12 asubuhi, chai iko mezani.