Kiti cha Sahrawi Umoja wa Afrika: Tanzania isimame wapi?

Mtoto wa Ukombozi:
Wakuu, Oktoba 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2797 linalofanya mpango wa Morocco, wa kuwapa Sahara Magharibi mamlaka ya ndani chini ya mfalme, kuwa msingi wa mazungumzo. Naona sasa Morocco watageukia kiti cha Sahrawi, yaani jamhuri ya wenyeji wa Sahara Magharibi, kule Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Sisi tuliitambua nchi ile 1978. Ikapewa kiti 1982. Morocco wamerudi Januari 2017 kwa kuungwa mkono na nchi 39. Likija suala la kuitoa Sahrawi, tusimame wapi? Mimi nasema tusiwaache. Na tusigeuzwe na msikiti wa Kinondoni wala ahadi ya uwanja wa Dodoma kutoka kwa Morocco.

Ami wa Kinondoni:
Msikiti umeingiaje hapa? Mfalme wa Morocco alikuja Dar Oktoba 2016, ikasainiwa mikataba 22, na BAKWATA wakajengewa msikiti pale makao makuu. Watu wanaswali. Hakuna anayeulizwa habari za Polisario, chama cha ukombozi cha Wasahrawi, mlangoni. Mbona hospitali za misheni zilizojengwa kwa pesa za Wajerumani hamsemi zimenunua msimamo wa nchi? Futa hiyo kauli.

Kibatari:
Ami, hajasema Waislamu wamenunuliwa, anaisema serikali. Tuendelee na mada. Morocco walifukuzwa OAU, mtangulizi wa Umoja huu, enzi zile, ndiyo maana wana kinyongo na Sahrawi.

Mstaafu:
Hawakufukuzwa, kijana. Walitoka wenyewe Novemba 1984, kwenye mkutano uleule uliomchagua Mwalimu kuwa mwenyekiti. Tena someni Sheria ya Kuanzisha Umoja. Inaruhusu kusimamisha serikali iliyoingia madarakani kinyume cha katiba, lakini haina kifungu cha kumfukuza mwanachama. Kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili. Mwaka 2016 nchi 28 zilimwandikia Déby wa Chad, mwenyekiti wa Umoja wakati ule, zikitaka Sahrawi isimamishwe, na mpaka leo Sahrawi wanakaa kitini. Kwanza mtuonyeshe hiyo kura itapigwa kwa kifungu gani.

Ami wa Kinondoni:
Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Lakini kauli haijafutwa.

Nyali Kwetu:
Wabongo kila kitu Mwalimu. Kuna watu wamezaliwa na kuzeeka kwenye kambi za wakimbizi za Tindouf, Algeria, miaka karibu 50. Kura ya maoni waliahidiwa 1991, hadi leo haijapigwa. Mpango wa Morocco angalau unawarudisha nyumbani. Kenya Mei 2025 tumeuunga mkono bila kuficha.

Mtoto wa Ukombozi:
Kenya ipi? Septemba 2022 rais wenu kaapishwa Jumanne, Brahim Ghali, rais wa Sahrawi, akiwa mgeni mwalikwa. Jumatano rais wenu akaandika mtandaoni kwamba hamuitambui tena Sahrawi, halafu akafuta. Unamwalika mtu harusini, kesho yake unasema humjui!

Nyali Kwetu:
Usimguse rais wetu. Nchi inahitaji mbolea. Mkulima wa Uasin Gishu hawezi kupanda msimamo wa 1978 shambani.

Binti wa Arusha:
Na fosfeti ya hiyo mbolea, kaka, sehemu yake inachimbwa Bou Craa, ndani ya Sahara Magharibi. Inasafiri kwenye mkanda wa karibu kilomita 100 mpaka baharini. Wenye ardhi wengi wako ng'ambo ya ukuta wa mchanga wa Morocco wa kilomita 2,700 uliozungukwa na mabomu ya ardhini. Utawarudishaje nyumbani bila kuwauliza? Mahakama ya Afrika, hapahapa Arusha, ilisema Septemba 2022 kwamba Wasahrawi wana haki ya kujiamulia na nchi zote za Umoja zina wajibu wa kuwasaidia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshtakiwa kwa kukubali Morocco irudi. Haikukutwa na kosa, lakini wajibu ule ni wetu pia. Nimesikitika kuona kurasa zimejaa msikiti na harusi.

Mnyama Damu:
Dada umesema kweli. Morocco wanapitisha ramani kila mahali, hata kwenye jezi. Aprili 2024 Berkane, timu ya mpira ya Morocco, walitua Algiers, Algeria, na jezi zenye ramani iliyomeza Sahara yote, forodha wakazizuia. Mechi haikuchezwa, CAF ikawapa Berkane ushindi wa 3-0. Mwaka uliofuata haohao wakaja kubeba Kombe la Shirikisho mbele yetu Simba.

Kibatari:
Kule kwao mlifungwa 2-0, huku mkatoa sare ya 1-1. Ramani haikufunga bao hata moja.

Mnyama Damu:
Na fainali nani aliihamisha kutoka kwa Mkapa? Tukapelekwa Zanzibar, uwanja mdogo, mashabiki wetu nusu wakabaki Dar. Lile lilikuwa pigo.

Mpemba Halisi:
Pigo? Amaan ilijaa tangu mchana, watu wamevuka bahari kuja kuwashangilia, leo mnaitaja Zanzibar kama mlipelekwa ugenini. Kuleni maneno yenu. Nani hapa alisema Amaan si nyumbani?