Magurudumu ya kaboni kwa baiskeli ya milimani: yanafaa kwa njia za Arusha na Monduli?

Mwendeshaji wa Sakina:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha nyingi. Nina baiskeli ya milimani ya inchi 29, yenye shokapu ya mbele tu ya milimita 100. Mimi nina uzito wa kilo 72, na baiskeli ikiwa na maji na vifaa vyake hufika kilo 13. Siku za kazi napanda kutoka Sakina kuelekea Ilkiding'a, njia ya udongo na mizizi katikati ya migomba, na mwishoni mwa juma tunatoka kikundi kupitia Kisongo hadi Monduli, ambako wote mnajua hali ya vumbi, mawe na miiba ya migunga.

Magurudumu niliyonayo ni ya alumini, yote mawili yana gramu 1,900 hivi, na ringi ya nyuma imebonyea sehemu kadhaa kwa kugonga mawe. Nimepata seti mbili za kaboni zinazonivutia. Ya kwanza ina gramu 1,500, upana wa ndani wa milimita 25 na spoku 28 kila gurudumu. Ya pili ina gramu 1,620, upana wa ndani wa milimita 30 na spoku 28 vilevile. Mwakani nataka kuanza kushiriki mashindano ya masafa marefu, ndiyo maana ninawaza uzito. Je, tofauti hiyo ya gramu 400 nitaihisi kweli? Na ringi ya kaboni ikigonga jiwe la Monduli kwa namna ile ile iliyobonyeza ya alumini, itakuwaje?

Njia ya Uru:

Habari kaka. Ninaendesha kaboni huku Moshi, njia za Uru na Materuni, na nimeridhika nayo, ila ningependa uinunue kwa sababu sahihi. Tuanze na hesabu. Wewe na baiskeli yako mna kilo 85. Gramu 400 hazifiki hata nusu asilimia ya uzito huo. Kwenye mlima mkali, ambako karibu nguvu yote inatumika kuinua uzito, saa nzima ya kupanda itapungua kwa sekunde 17 hivi. Kwa anayewania ushindi sekunde hizo zina thamani, lakini mtu asikuambie kwamba utapaa.

Utakachokihisi ni kingine. Gramu iliyo kwenye ringi huhesabika karibu mara mbili wakati wa kuongeza kasi, kwa sababu inabidi isogezwe mbele na papo hapo izungushwe. Kwa hiyo pale unapotoka kwenye kona kali, au unapopunguza mwendo kupisha ng'ombe kisha ukanyage tena, gurudumu jepesi huitika upesi. Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi, ni ugumu wa ringi yenyewe. Ukiielekeza baiskeli katikati ya mawe mawili inaelekea hapo hapo, haiyumbi. Tena ringi nzuri ya kaboni hubaki imenyooka muda mrefu sana, kwa kuwa nyuzi zake hazikunjiki kama alumini.

Ugumu huo huo ukizidi ni adhabu. Zipo ringi ndefu kwenda chini, zilizotengenezwa kama za baiskeli za barabarani, ambazo hupitisha kila mtikisiko hadi viganjani, na wewe huna shokapu ya nyuma ya kukupunguzia. Watengenezaji wengi wa ringi za milimani sasa wanazifanya fupi na pana ili zikubali kunyumbuka kidogo. Tazama kina cha ringi kabla ya kutazama gramu.

Kuhusu upana, angalia tairi unazotumia. Milimita 25 zinapatana vizuri na tairi za inchi 2.2 hadi 2.35, na milimita 30 zinapatana na 2.4 na kuendelea. Ukiweka tairi la 2.2 juu ya ringi ya milimita 30, mgongo wake unakuwa bapa na kuta zake zinasimama wazi mbele ya mawe, jambo ambalo kwa Monduli silipendekezi kabisa. Kwa njia ulizozitaja, mimi ningechukua ile ya milimita 30 na tairi za 2.4, niache zile gramu 120 zipotee.

Fundi wa Pasua:

Nawasalimu wote. Mwenzangu wa Uru amesema vizuri kuhusu kuendesha, mimi nizungumzie pale gurudumu linapoletwa kwa fundi, kwa sababu ndipo kaboni na alumini zinapoachana kabisa.

Alumini ikigongwa inabonyea. Ukingo ukiwa haujachanika, ninaunyoosha kwa spana na kipande cha mbao, narekebisha spoku, na mwenye baiskeli anaondoka siku hiyo hiyo. Kaboni haibonyei. Ama inalihimili pigo bila alama, ama inapasuka, na ikipasuka kwenye ukingo au pale spoku inapoingia, ringi hiyo imekwisha. Wengine huja wakiomba tuipake gundi. Sikubali, kwa sababu maisha ya mtu yako juu yake akiteremka. Lakini nisiwatishe bure: ringi ya kaboni iliyotengenezwa vizuri, yenye mdomo mpana na mnene, huvumilia mapigo ambayo yangeiharibu alumini nyingi, na kwa kuwa mdomo ni mpana, tairi likibanwa na jiwe halikatwi upesi. Hofu ya kaboni kuyeyuka kwa joto la breki nayo muiweke kando, kwa sababu baiskeli zenu zina breki za diski na ringi haiguswi.

Kinachonisumbua mimi ni vitu vidogo. Uliza kwanza spoku za seti hiyo ni za aina gani. Zenye shingo iliyopinda ni rahisi kuzipata au kupata inayofanana nayo, ila zile zilizonyooka kichwani huku kwetu hazimo madukani. Urefu nao lazima uwe sahihi kwa milimita. Kwa inchi 29 spoku nyingi huwa karibu na milimita 290 na zaidi, na mara nyingi upande wa diski na upande wa gia hazilingani. Agiza spoku za akiba za kila urefu pamoja na magurudumu yenyewe, si baadaye. Spoku moja iliyokatika isikuwekee baiskeli ukutani miezi miwili.

Halafu nipeli, zile nati ndogo zinazokaza spoku kwenye ringi. Waagize wakufungie za brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, hata kama zinaongeza gramu chache. Nipeli za alumini zikikaa kwenye ringi ya kaboni na unyevu ukaingia, huliwa na kutu nyeupe. Nimefungua gurudumu la namna hiyo hapa kibandani: kwa nje lilikuwa safi kabisa, ila kila nipeli niliyoigusa na kifungulio ilimomonyoka unga mweupe, na nyingine zikavunjika shingo kabla hazijazunguka hata nusu. Zipo pia ringi ambazo nipeli zake zimefichwa ndani. Zinapendeza kuangalia, lakini kila marekebisho madogo yanadai kutoa tairi, kumwaga dawa ya pancha na kubandua utepe unaofunika matundu ndani ya ringi. Kwa mtu wa vumbi na matope kama wewe, ziache.

Usisahau kulinganisha na fremu yako. Baiskeli mpya za inchi 29 kwa kawaida hutumia habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya milimita 110 mbele na 148 nyuma, za zamani kidogo ni 100 na 142, na huwezi kulazimisha moja iingie kwenye nyingine. Kichwa cha habu kinachobeba gia nacho kina aina zake: cha zamani cha kampuni ya Shimano kiitwacho HG, cha Micro Spline kwa gia 12 za Shimano, na XD cha kampuni ya SRAM. Diski hufungwa kwa bolti sita au kwa Center Lock, yaani nati moja kubwa ya katikati. Muuzaji akikosea kimoja kati ya hivyo, mzigo utakuwa umefika na usiwe na kazi.

Ukishayapata, jifunze kuyakagua. Baada ya kuoshwa, pitisha kitambaa cha pamba kuzunguka ukingo wote taratibu, na kikinasa mahali, hapo kuna nyuzi zilizokatika. Usipitishe kidole, vijiti vya kaboni huingia kwenye ngozi na kutoka kwake ni kazi. Kisha gonga ringi kwa sarafu kidogo kidogo. Mlio unaopaswa kusikika ni mkavu na wa aina moja, na ukifika mahali sauti ikafifia, leta tukaangalie. Dawa ya pancha ikianza kutokea kwenye tundu la spoku pia si ya kupuuzwa.

Nyongeza moja, maana naiona kila wiki. Mnaposafirisha baiskeli juu ya Coaster kuja Moshi, mwambieni konda asikaze mpira kwenye ringi. Afunge kwenye fremu. Ringi imetengenezwa kubeba mvuto wa spoku, haikutengenezwa kubanwa ubavuni na chuma cha keria kwa safari nzima.

Dada wa Tengeru:

Shikamoo fundi, na wengine habari zenu. Naona hakuna aliyemwambia kaka kwamba mwiba wa mgunga haujali ringi ni ya nini. Kaka, hujasema kama unatumia tyubu. Ikiwa bado una tyubu, fedha ya kwanza iende kwenye tairi zenye kuta nene, valvu, utepe na dawa ya kuziba pancha, tena kwenye magurudumu hayo hayo uliyonayo kama ringi zake zinakubali. Kwa uzito wako, tairi la 2.35 lisilo na tyubu linaweza kwenda na upepo wa psi 22 mbele na 24 nyuma, ukarekebisha kidogo kidogo kulingana na njia. Kushika ardhi na kupungua kwa mtikisiko utakakokupata hapo ni kukubwa kuliko utakakokupata kwa kubadili ringi. Dawa hiyo kwa joto letu hukauka mapema, kwa hiyo ifungue uitazame kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Na ukinunua kaboni, soma dhamana neno kwa neno. Kampuni kadhaa hutoa dhamana ya maisha hata kwa ringi iliyopasuka ukiwa unaendesha, lakini mara nyingi ni kwa mnunuzi wa kwanza tu, na gharama ya kusafirisha kutoka Tanzania inaweza kuwa juu yako. Piga hesabu ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla ya kulinganisha bei.

Mwendeshaji wa Sakina:

Nawashukuru sana, fundi, nami nakupa shikamoo yangu. Ni kweli dada, bado ninatumia tyubu, na ringi zangu zinakubali kutumika bila tyubu. Nitaanza na tairi na dawa. Swali moja limebaki: nikifika wakati wa kaboni, kuna ubaya nikiweka ya mbele peke yake na nyuma nikabaki na alumini?

Fundi wa Pasua:

Marahaba. Hakuna ubaya hata kidogo, na kwa Monduli ni uamuzi ninaoupenda. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba uzito wako mwingi na ndilo linalogonga mawe, wewe mwenyewe umesema yako iliyobonyea ni ya nyuma. Mbele ndiko unakopata faida ya usukani usioyumba. Nyuma ifungwe ringi mpya ya alumini yenye upana wa ndani wa milimita 30 na spoku 32. Ila habu uliyonayo ihesabu matundu kabla hujaagiza, kwa sababu ikiwa na matundu 28 hutaweza kuifungia ringi ya 32.