Namba sita (kiungo mkabaji) hatuna, halafu nikisema naambiwa "kaa chini wewe"!

Mkereketwa_Msimbazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka mkutano wa tawi letu la Simba sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mwenyekiti wetu mnamjua. Simtaji. Yule anayevaa skafu ya klabu kwenye jua la saa saba mchana, yule ambaye kila habari ya mpira anaianza na "mimi nilikuwepo". Huyohuyo. Leo amenikatiza mbele ya ukumbi mzima, kipaza sauti kikiwa mdomoni kwake, akasema: "Kaa chini wewe. Mpira umeujulia wapi?"

Mimi! Mpira nimeujulia wapi!

Ajenda ilikuwa maoni ya wanachama kuhusu usajili wa dirisha kubwa la 2025. Nimenyoosha mkono kistaarabu, nimesubiri wazee wawili wamalize, nimesimama, nimetoa shikamoo kwa wazee na salamu kwa vijana. Nikaanza: kabla hatujaongelea winga, tutafute mkata umeme, namba sita mwenyewe. Sijafika hata kwenye jina la Kagoma, mkabaji wetu pekee, nasikia "kaa chini wewe". Na maspika yalikuwa yameelekezwa barabarani! Bodaboda wa kijiweni wamesikia. Muuza chipsi amesikia, kageuka na mwiko mkononi. Mama mkwe wangu, nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, amesikia. Nina hakika hata meli zilizotia nanga zikisubiri kuingia bandarini zimesikia kwamba mimi sijui mpira.

Sasa nawauliza nyie mnaojua. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwezi wa tano 2025, kule Berkane, Morocco, dakika ya 14 tulikuwa tumeshapigwa mbili. Dakika ya 14! Zile mbili zilipita wapi? Katikati. Tumerudi Zanzibar kwenye marudiano, Mutale katufungia mapema, watu tunalia kwa furaha, kipindi cha pili Kagoma kala kadi nyekundu, kati kati ya uwanja pamebaki wazi, mwisho wa mchezo wamesawazisha. Jumla tatu kwa moja, kombe limekwenda Morocco. Kagoma akikosekana, benchi lina nani wa kazi ile? Ngoma ni fundi, lakini Ngoma anataka mtu wa kumlinda, si yeye awe mlinzi. Debora anataka kucheza mbele. Nani mwingine? Hayupo.

Halafu mwenyekiti anataka winga! Tunaye Mpanzu, tunaye Kibu, tunaye Mutale, tunaye Chasambi. Winga wa tano wa nini, akae benchi apige picha na jezi? Nafasi za wageni ni 12 tu, kila moja ni dhahabu, unamletea winga mtu ambaye nyumba yake haina mlango?

Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naileta. Dakika mbili zingetosha. Badala yake: "Kaa chini wewe."

Na nimekaa, wakuu, kwa heshima ya ukumbi. Yeye akaendelea kuhadithia alivyowahi kupeana mkono na mchezaji fulani hotelini, na watu wakapiga makofi. Makofi! Kwa kupeana mkono! Mtu mwenye hoja ya kiungo kakalishwa, mtu mwenye hadithi ya hoteli kapigiwa makofi. Halafu tunashangaa kwa nini ubingwa wa mwisho ni wa 2020/21 na majirani zetu Yanga wameshabeba mara nne mfululizo mpaka 2024/25.

"Mpira umeujulia wapi." Mbele ya mkwe.

Semeni wenyewe: namba sita au winga?

---

Mzee_wa_Kijiwe

Pole sana mkuu. Ila huyo mwenyekiti kama ndiye ninayemfikiria, ndiye yuleyule aliyesema Chama, kiungo wetu, hawezi kuvuka barabara kwenda Jangwani kwa Yanga. Mwezi wa saba 2024 huyo Chama, Mwamba wa Lusaka, kavuka mchana kweupe, na yeye akasema alijua tangu mwanzo.

Mwananchi_Asiyechoka

Mimi ni wa Jangwani, nimekuja kusoma povu tu. Niwasaidie: mwenyekiti kasema kweli, mpira hamuujui. Juni 25 mmekuja na pointi moja nyuma yetu, mkishinda mnabeba ubingwa. Pacome kawapiga penalti, Mzize kafunga hesabu. Namba sita angekuwepo angemzuia nani, mwamuzi?

Mkereketwa_Msimbazi

@Mwananchi_Asiyechoka huu uzi ni wa familia. Na ndiyo, siku ile pia palipwaya katikati. Hicho ndicho nilichotaka kusema nikaambiwa nikae chini.

Dada_wa_Mzunguko

Kaka samahani, kadi ya tawi umelipia? Maana kwetu asiyelipia ada haongei, anasikiliza.

Mkereketwa_Msimbazi

Dada, kadi nimelipia! Ipo kwenye pochi hapa! Na hata nisingelipia, mtu haambiwi "kaa chini wewe" kwenye maspika yanayosikika mpaka kwa mkwe!

Dada_wa_Mzunguko

Sawa kaka, nimeuliza tu. Ila mkwe umemtaja mara nyingi kuliko Kagoma.

Kagoma_Wetu

Mtoa mada, nakubaliana na wewe nusu. Kiungo mkabaji tunahitaji, lakini moto mkubwa uko beki ya kushoto. Zimbwe Junior mkataba wake unaisha, na sijasikia mtu akisema amesaini upya. Nahodha huyo, yupo tangu 2014. Na kulia Kapombe ana miaka 33. Mabeki wa pembeni wote wawili tunawadai miguu yao kila wiki, hatujawaandalia warithi. Nyie mnagombana winga na namba sita huku kuta zote mbili zina nyufa.

Mzee_wa_Kijiwe

Zimbwe haendi popote. Atoke aende wapi?

Mwananchi_Asiyechoka

Atoke aende wapi, anauliza. Hahaha. Barabara ileile aliyovuka Chama bado haijafungwa.

Kagoma_Wetu

Usiniudhi usiku huu.

Kaitaba_Daima

Wakuu, mnalia kwa nafasi ya pili na fainali ya Afrika? Sisi wa Bukoba tumeshuka daraja! Kagera Sugar, miaka yote ile Ligi Kuu, mwaka huu wa 2025 tunaenda Championship, ligi ya chini, pamoja na KenGold. Huyo Zimbwe mnayemlilia tuliwapa sisi. Kila kijana akichanua Kaitaba basi la Dar linamsubiri getini, halafu tukishuka mnatuandikia "poleni sana" na kopa la njano. Hakuna anayefungua uzi wa Kagera. Fungueni uzi wa Kagera.

Dada_wa_Mzunguko

Poleni sana Kagera 💛

Kaitaba_Daima

Umeona sasa?

Mbongo_wa_Dallas

Habari za huko nyumbani. Niwape kitu cha kufikiria. Huku Marekani kwenye mpira wao wa mikono, NFL, timu ziko 32 na hakuna kushuka daraja. Vijana wanaotoka vyuo vikuu wanagawanywa kwa drafti, raundi saba, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inachagua kwanza. Kwa utaratibu huo KenGold wangechagua kwanza, Kagera wa pili, Yanga wangengoja mwisho wa foleni.

Na ubishi wa mtoa mada ndio ubishi wetu huku kila mwezi wa nne: uchukue kijana bora aliyebaki mezani, au uzibe pengo la kikosi? Mimi ni wa Cowboys. Mwaka 2025 zamu yetu ilikuwa ya 12. Wengi mtaani tulikuwa tunalilia mdaka mipira, mtu wa kushangilia. Timu ikamchukua Tyler Booker, jitu la mstari wa mbele, kazi yake kusukumana na kumlinda mrusha mpira. Watu wakanuna. Lakini mrusha mpira akiangushwa kila dakika, mdaka atadaka nini? Wiki chache baadaye mdaka naye wakampata, George Pickens, kwa kubadilishana na Pittsburgh. Kwanza ukuta, halafu mapambo. Mtoa mada yuko sahihi.

Mkereketwa_Msimbazi

SOMENI HAPO! Mpaka Dallas wameelewa! Dallas! Mwenyekiti yuko hatua ishirini kutoka nilipokaa na hakuelewa!

Bwana_Mkeka

Mbongo wa Dallas, hiyo drafti ikija huku watu watafungwa mabao kwa makusudi ili wachague kwanza. Mimi mkeka wangu wa kubeti utaniuaje.

Mbongo_wa_Dallas

Huku pia wanashukiwa hivyo kila mwaka, mkuu. Ila kuwahi kuchagua si kupata. Tom Brady, mrusha mpira aliyekuja kuwa gwiji, mwaka 2000 alichukuliwa wa 199. Wenye macho walikuwa wanapita tu.

Mzee_wa_Kijiwe

Huyo Brady ni namba ngapi, winga?

Mbongo_wa_Dallas

Mzee wangu, tuache.

Skauti_wa_Mchangani

Hilo la 199 ndilo la maana kwenye uzi wote. Tatizo letu si namba sita wala winga, ni kutafuta wachezaji kwa vipande vya video. Dakika tatu za muziki na chenga, mtu kapewa mkataba wa miaka miwili. Nani aliyekwenda kumkalia jukwaani mechi tano, aone anavyorudi kukaba timu ikiwa nyuma bao moja? Kiungo mkabaji haonekani kwenye video, mkuu. Kazi yake nzuri ni ile ambayo haikutokea. Ndiyo maana hanunuliwi. Winga anaonekana, winga anauza jezi.

Kagoma_Wetu

Umeongea kama mtu aliyekalishwa chini na mwenyekiti wake.

Skauti_wa_Mchangani

Mimi mwenyekiti wangu aliniambia nitoke nje kabisa.

Dada_wa_Mzunguko

Basi mtoa mada una nafuu.

Mkereketwa_Msimbazi

Hakuna nafuu! Kutoka nje ni heshima, unatoka na miguu yako, unaenda nyumbani. Mimi nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki nikiangaliwa saa nzima!

Mtaalamu_wa_VAR

Nyote mnasahau lile goli la mshambuliaji wetu Mukwala kwenye fainali ile ya Zanzibar. Tumeshangilia, watu tumekumbatiana na tusiowajua, VAR, waamuzi wa video, ikalifuta. Lile goli lingesimama, leo hakuna uzi huu, hakuna namba sita, hakuna drafti. Na kwanza kwa nini fainali ilichezwa Zanzibar? CAF, wakubwa wa mpira wa Afrika, waliikataa nyasi ya kwa Mkapa, Dar. Uwanja wa watu 60,000 unakosa fainali kwa sababu ya nyasi! Hilo ndilo la kuitishia mkutano.

Dada_wa_Mzunguko

HAPO SASA. Mimi fainali ile niliikosa kwa ajili hiyo. Nauli ya boti, pa kulala, tiketi zenyewe hazipatikani, uwanja wa Amaan ni mdogo. Mtu wa mzunguko, jukwaa la bei nafuu, kama mimi, ambaye kila mechi yupo, mvua jua, akaangalia fainali ya kwanza ya maisha yake kwenye banda umiza, nyuma ya jamaa mrefu aliyesimama dakika tisini. Nyasi mmezifanya nini? Nani alikuwa anazimwagilia?

Bwana_Mkeka

Jamaa mrefu pengine alikuwa mimi, dada. Banda la wapi?

Dada_wa_Mzunguko

Ulivaa kofia nyekundu?

Bwana_Mkeka

Nisamehe sana.

Mtaalamu_wa_VAR

Nyasi jamani, tuongee nyasi.

Mwananchi_Asiyechoka

Nyasi zilezile sisi tunazichezea tunabeba kombe. Kolo hata majani mnayasingizia.

Mkereketwa_Msimbazi

Wakuu, tunatoka nje ya mada. Mada ni mwenyekiti. Amesema "kaa chini wewe". Nani yuko na mimi Jumapili tukamdai aombe radhi kwenye maspika yaleyale, yakiwa yameelekezwa kulekule?

Kaitaba_Daima

Mada ni Kagera Sugar.

Mzee_wa_Kijiwe

Mada ni mshambuliaji. Tulikuwa na Ateba na Mukwala, goli 13 kila mmoja, lakini mechi kubwa walikuwa wapi? Mfungaji bora ni kiungo! Ahoua kafunga 16. Nchi gani kiungo anawashinda washambuliaji wawili wa kimataifa?

Mwananchi_Asiyechoka

Toeni penalti kwanza ndiyo muhesabu upya.

Kagoma_Wetu

Kwani Pacome Juni 25 alifunga kwa kichwa?

Mwananchi_Asiyechoka

Ile ilikuwa halali.

Mtaalamu_wa_VAR

Zote halali zikiwa zenu.

Mzee_wa_Kijiwe

Penalti ni goli. Au kwenu wavu hautikisiki?